Louis Leakey: Aliyesaka chimbuko la binadamu Nakuru akaacha vitendawili

BARABARA itokayo Olenguruone hupita Keringet na Molo kabla ya kuteremka Njoro hadi mji wa Nakuru, ambako maziwa ya Bonde la Ufa yametandazwa chini ya miinuko ya Mau. Anayesafiri njia hiyo huelekea katika eneo lililochangia pakubwa juhudi za kujibu mojawapo ya maswali makuu ya sayansi: binadamu alichipuka wapi, lini na kwa sababu gani?

Aliyefungua ukurasa wa utafiti huo ni Dkt Louis Seymour Bazett Leakey, mzaliwa wa Kabete aliyeanza kuchimba katika eneo la Nakuru mwaka wa 1926, akiwa na umri wa miaka 23 pekee.

Alipoaga dunia mwaka wa 1972, wataalamu wengi walikuwa wamekubali kwamba Afrika ndiyo kitovu cha binadamu. Hata hivyo, maswali mengine aliyoyazua yangali vitendawili hadi leo, na baadhi ya majibu aliyoyatoa kwa ujasiri mkubwa yamebatilishwa na waliomfuata.

Mawe meusi ya Kabete

Leakey alizaliwa Agosti 7, 1903 katika kituo cha misheni cha Kabete, ambako wazazi wake walikuwa wamishonari wa Kianglikana. Alikua miongoni mwa watoto wa Kikuyu, akacheza na kuwinda nao, na kuzungumza lugha yao kwa ufasaha uleule aliokuwa nao katika Kiingereza. Aliingizwa katika utu uzima kwa desturi za jamii hiyo pamoja na wavulana wa rika lake, akapewa jina Wakaruigi, yaani mwana wa mwewe.

Akiwa bado mvulana, alipokea zawadi ya kitabu cha watoto kuhusu watu wa Zama za Mawe huko Uingereza. Kitabu hicho kilieleza habari za zana za gumegume. Kwa kuwa hakuwa amewahi kuliona jiwe hilo, Leakey alianza kuokota vipande vya jiwe jeusi linalong'aa kama kioo alivyovikuta mashambani na kando ya njia.

Mawe hayo hayakuwa gumegume bali obsidiani, jiwe linalotokana na lava iliyopoa kwa haraka. Obsidiani hupatikana kwa wingi pande za Naivasha na mlima Eburru, si Kabete. Mtunzaji wa makumbusho ya Nairobi wakati huo, Arthur Loveridge, alipovikagua vipande hivyo alithibitisha kwamba baadhi vilikuwa zana zilizochongwa na watu wa kale. Kuanzia hapo, kijana huyo aliamua kwamba kazi yake maishani ingekuwa kuwatafuta watu hao.

Mwaka wa 1922 alijiunga na Chuo Kikuu cha Cambridge. Mwaka uliofuata aliumia kichwani katika mchezo wa raga na kulazimika kusitisha masomo kwa muda. Mkosi huo uligeuka heri, kwa maana mwaka wa 1924 alipata nafasi katika msafara wa kuchimba mifupa ya dinosau huko Tendaguru, kusini mwa Tanganyika. Huko ndiko alikojifunza namna ya kuuchimbua mfupa wa kale na kuuhifadhi bila kuuvunja.

Kutoka makaburini hadi mashokani

Leakey alipohitimu mwaka wa 1926, wasomi wengi wa Ulaya waliamini kwamba binadamu alitokea Asia. Charles Darwin alikuwa amebashiri Afrika mapema mwaka wa 1871, kwa hoja kwamba sokwe na gorila, ambao wanafanana sana na binadamu, huishi katika bara hili. Hata hivyo, visukuku vilivyojulikana zaidi vilitoka kisiwa cha Java. Raymond Dart alipotangaza fuvu la mtoto wa Taung kutoka Afrika Kusini mwaka wa 1925, wakubwa wa taaluma hiyo walimpuuza.

Licha ya kushauriwa aelekee Asia, Leakey alirejea Kenya na kupiga kambi kati ya Nakuru na Elementaita. Alifukua makaburi yaliyokuwa na mabakuli ya mawe, vyungu na visu vya obsidiani. Katika Pango la Gamble, juu ya Ziwa Elementaita, alikuta matabaka ya makazi ya watu yaliyolundikana moja juu ya jingine. Msafara wake wa pili, wa mwaka wa 1928 na 1929, ulifikisha habari za Kariandusi duniani. Hapo kulikuwa na mashoka ya mkono ya mawe ambayo sasa yanakadiriwa kuwa na umri wa hadi miaka milioni moja.

Kazi hiyo iliendelezwa na mkewe wa pili, Mary, aliyechimba Hyrax Hill pembezoni mwa mji wa Nakuru kuanzia mwaka wa 1937. Mwaka uliofuata, wawili hao walifukua pango la mto Njoro lililokuwa na mabaki ya makumi ya watu waliochomwa moto walipozikwa, pamoja na shanga na mabakuli ya mawe. Watu hao waliishi takriban miaka 3,000 iliyopita.

Walikuwa akina nani? Leakey alitegemea maumbo ya mafuvu kuwaainisha watu wa kale, mbinu ambayo sayansi imeitupilia mbali. Jibu bora zaidi lilianza kupatikana mwaka wa 2019, uchunguzi wa chembe za urithi kutoka mifupa ya kale ya Kenya na Tanzania ulipochapishwa. Ulionyesha kwamba wafugaji wa kwanza wa Bonde la Ufa walitokana na watu waliohama kutoka kaskazini mashariki mwa Afrika na kuchanganyika na wawindaji waliowakuta. Lugha walizozungumza ni jambo lisiloweza kusomwa katika mfupa.

Maziwa nayo yalimtia Leakey katika nadharia nyingine. Alipoona fuo za kale zikiwa juu sana ya maji ya Nakuru na Elementaita, alidai kwamba vipindi vya mvua kubwa Afrika vilienda sambamba na vipindi vya barafu Ulaya, na akavitumia kama kalenda. Baadaye ilibainika kwamba kalenda hiyo haikufaa. Maziwa hayo mawili yaliungana kuwa ziwa moja lenye kina kirefu takriban miaka 9,000 iliyopita, wakati ambapo barafu ya Ulaya ilikuwa ikiyeyuka.

Ila swali lililokuwa nyuma ya nadharia hiyo halijafa. Wanasayansi wangali wanabishana iwapo kupanda na kushuka kwa maziwa, ukame na mvua vilimlazimu binadamu wa kale kukuza ubongo na kubuni mbinu mpya za kuishi, au iwapo mabadiliko hayo yalikuwa na chanzo kingine.

Vigingi vilivyopotea

Jina la Leakey liliporomoka kabla ya kupaa. Mwaka wa 1932 alitangaza kwamba amepata taya la mtu huko Kanam na vipande vya mafuvu huko Kanjera, kwenye rasi ya Homa kando ya Ziwa Victoria. Alidai kwamba taya hilo lilikuwa la binadamu wa kale kabisa kuwahi kupatikana.

Mwaka wa 1935 mtaalamu wa miamba kutoka London, Profesa Percy Boswell, alifunga safari kujionea mwenyewe. Leakey hakuweza kumwonyesha mahali hasa mifupa hiyo ilipotoka. Vigingi vya chuma alivyovipigilia kuweka alama vilikuwa vimeng'olewa na wenyeji waliovihitaji kwa matumizi yao, na picha mojawapo aliyoitegemea ilikuwa ya sehemu tofauti. Boswell alichapisha lawama kali katika jarida la Nature.

Pigo hilo lilimjia wakati ambapo ndoa yake ya kwanza na Frida Avern ilikuwa ikivunjika. Milango ya Cambridge ilifungwa. Hitilafu yake haikuwa ndogo: kisukuku kikitenganishwa na tabaka la udongo kilimokaa, hupoteza umri wake, na madai yote yanayokitegemea hubaki bila miguu.

Ajabu ni kwamba rasi hiyohiyo ndiyo iliyokuja kuutikisa ulimwengu wa sayansi mwaka wa 2023, kama itakavyoelezwa hapa chini.

Kiapo cha Olenguruone

Leakey alikuwa pia mtaalamu wa mila za Wakikuyu. Mwaka wa 1929 alikuwa mmoja wa wajumbe wa kamati ya serikali iliyochunguza umiliki wa ardhi katika nchi ya Wakikuyu, na baadaye aliandika kitabu kikubwa kuhusu jamii hiyo ambacho kilichapishwa mwaka wa 1977, baada ya kifo chake.

Ujuzi huo ulimweka njia panda katika miaka ya 1940. Mwaka wa 1941 serikali ya kikoloni ilianza kuwapa makao huko Olenguruone Wakikuyu waliokuwa wameondolewa katika maeneo mengine. Walowezi hao waliamini kwamba wamepewa ardhi hiyo kama haki na fidia. Serikali ilishikilia kwamba walikuwa wapangaji waliopaswa kutii kanuni zake za kilimo na urithi. Walipokataa, walikula kiapo cha umoja ambacho, kinyume na desturi za awali, kiliwajumuisha wanaume, wanawake na watoto.

Hatimaye mazao yao yaliharibiwa, mifugo ikatwaliwa, na kufikia mwaka wa 1950 wengi walikuwa wamefurushwa, baadhi yao wakipelekwa Yatta. Wanahistoria huitazama Olenguruone kama mahali ambapo kiapo cha umma kilichotangulia Mau Mau kilizaliwa.

Leakey alisimama upande wa serikali. Katika kitabu alichokitoa mwaka wa 1952, alihoji kwamba viapo vya Mau Mau vilivunja mila ya Kikuyu, kwa vile kiapo halali kililiwa hadharani, mchana na kwa hiari, wala hakikuwahusu wanawake na watoto. Aliijua mila hiyo kwa undani. Lakini aliipima kama kitu kilichokamilika zamani, ilhali wenyewe walikuwa wakiibadilisha ili waokoe mashamba yao.

Mwaka huohuo aliteuliwa mkalimani katika kesi ya Jomo Kenyatta huko Kapenguria. Wakili wa utetezi, D.N. Pritt, alipinga uwezo wake wa kutoegemea upande wowote, na Leakey akajiondoa. Mwaka wa 1954 vita hivyo viliingia katika ukoo wake, binamu yake Gray Leakey alipouawa na wapiganaji wa Mau Mau.

Fuvu la Olduvai

Sifa alizozitafuta zilimjia Julai 17, 1959. Siku hiyo Leakey alikuwa kambini huko Olduvai, Tanganyika, akiugua homa. Mary alitoka peke yake na kuona meno yaliyojitokeza ardhini. Yalikuwa ya fuvu lililopewa jina Zinjanthropus, kiumbe mwenye magego makubwa mno.

Leakey alikisia kwamba fuvu hilo lilikuwa na umri wa miaka 600,000 hivi. Mwaka wa 1961 wanasayansi wa Marekani walilipima jivu la volkano kwenye tabaka lake na kupata miaka milioni 1.75, karibu mara tatu ya makisio hayo.

Mbinu waliyoitumia hutegemea saa ya maumbile. Mlima wa moto ukilipuka, joto huitoa gesi ya argoni iliyomo katika mawe. Jivu likishapoa, aina moja ya potasiamu iliyomo huendelea kugeuka argoni polepole, kwa kasi inayojulikana. Kiasi cha argoni kilichokusanyika hueleza ni muda gani umepita. Ndiyo maana Bonde la Ufa, lenye volkano tele, lilikuwa hazina ambayo mapango ya Afrika Kusini hayangeweza kushindana nayo.

Nani alichonga zana?

Mwanzoni Leakey alidai kwamba Zinjanthropus ndiye aliyetengeneza zana za mawe zilizopatikana karibu naye. Mwaka mmoja tu baadaye, mwanawe Jonathan alipata mabaki ya kiumbe mwingine mwenye ubongo mkubwa zaidi. Mwaka wa 1964, Leakey pamoja na Phillip Tobias na John Napier walimwita Homo habilis, yaani mtu stadi, wakampa heshima ya kuwa fundi wa zana hizo na babu wa binadamu wa leo. Ili kumwingiza katika jenasi ya binadamu, walishusha kiwango cha chini cha ukubwa wa ubongo hadi sentimita 600 za ujazo, hatua iliyozua upinzani mkali.

Mzozo huo haujaisha. Mwaka wa 2007 visukuku kutoka Ileret, mashariki mwa Ziwa Turkana, vilionyesha kwamba Homo habilis na Homo erectus waliishi eneo moja kwa muda mrefu, jambo linalofanya iwe vigumu kusema kwa urahisi kwamba mmoja alimzaa mwenzake. Mojawapo ya visukuku hivyo, fuvu la Homo erectus, kilipatikana na mtafiti Mkenya Fredrick Manthi.

Aidha, mwaka wa 2015 zilitangazwa zana za mawe kutoka Lomekwi, magharibi mwa Turkana, zenye umri wa miaka milioni 3.3. Umri huo unazidi ule wa kisukuku chochote cha jenasi ya Homo kinachojulikana.

Kisha ikaja Nyayanga, kwenye rasi ileile ya Homa iliyomwaibisha Leakey. Mwaka wa 2023 watafiti walitangaza zana zenye umri wa kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3, zikiwa pamoja na mifupa ya viboko iliyochinjwa na meno ya Paranthropus, jamii ileile ya Zinjanthropus. Mwaka wa 2025 mifupa ya mkono wa kiumbe huyo kutoka Koobi Fora ilionyesha kwamba huenda aliweza kushika na kutumia zana.

Kwa hivyo, dhana ya kwanza ya Leakey, ambayo yeye mwenyewe aliiacha, imerudi mezani. Hakuna aliyethibitisha ni mkono wa nani uliogonga jiwe la kwanza.

Babu asiyejulikana

Leakey alitaka pia kumfahamu babu wa pamoja wa binadamu na sokwe. Mwaka wa 1948 Mary alipata fuvu la Proconsul kisiwani Rusinga, lenye umri wa takriban miaka milioni 18. Mwaka wa 1961 kikosi chake kilipata mabaki ya Kenyapithecus huko Fort Ternan, yenye umri wa miaka milioni 14 hivi. Leakey alimhesabu kiumbe huyo kuwa katika ukoo wa binadamu, ila ushahidi wa chembe za urithi umeonyesha kwamba binadamu na sokwe walitengana baadaye sana, pengine miaka milioni sita au saba iliyopita.

Kiumbe wa wakati huo, Orrorin, alipatikana mwaka wa 2000 katika milima ya Tugen huko Baringo, kaskazini mwa Nakuru. Wataalamu hawajaafikiana iwapo yeye, au mwenzake wa Chad aitwaye Sahelanthropus, ni babu yetu. Upande wa sokwe una pengo kubwa zaidi: visukuku vya kwanza kutambuliwa kuwa vya sokwe ni meno machache ya Baringo, yaliyotangazwa mwaka wa 2005, na umri wake ni takriban nusu ya miaka milioni.

Kwa kuwa mifupa haisemi lolote kuhusu tabia, Leakey aliamua kuwatafuta watu wa kuwatazama nyani wakubwa wakiwa hai. Alimtuma Jane Goodall kwa sokwe wa Gombe mwaka wa 1960, kisha akawasaidia Dian Fossey kuwafuata gorila na Biruté Galdikas kuwafuata orangutani wa Borneo. Goodall alipogundua kwamba sokwe hutumia vijiti kuvua mchwa, maana yenyewe ya binadamu kama mtengenezaji zana ililazimika kufikiriwa upya.

Miaka ya mwisho

Uzee haukumpunguzia Leakey haraka ya kutoa hukumu. Kuanzia mwaka wa 1964 aliunga mkono uchimbaji wa Calico huko California, akiamini kwamba watu wa kale mno walifika Marekani. Wataalamu wengi waliona mawe hayo kuwa yamevunjwa na maumbile tu. Mary naye hakukubaliana naye, na suala hilo liliwatenga zaidi.

Mwishoni mwa Septemba 1972, mwanawe Richard alimwonyesha fuvu nambari 1470 lililopatikana na Bernard Ngeneo huko Koobi Fora. Kwa Leakey, ubongo mkubwa wa fuvu hilo ulithibitisha kwamba jenasi ya binadamu ni ya kale, kama alivyokuwa akishikilia. Siku chache baadaye, Oktoba 1, alifariki London kwa mshtuko wa moyo. Alizikwa Limuru, karibu na wazazi wake.

Fuvu 1470 sasa linakadiriwa kuwa na miaka milioni mbili hivi, na wengi huliweka katika spishi tofauti na Homo habilis. Hata chimbuko la Homo sapiens halijapata mahali pamoja panapokubalika. Visukuku vya Jebel Irhoud nchini Morocco vilivyotangazwa mwaka wa 2017 vina umri wa miaka 300,000 hivi. Huko Olorgesailie, kusini mwa Nairobi, ilibainika mwaka wa 2018 kwamba watu wa takriban miaka 320,000 iliyopita walikuwa wakisafirisha obsidiani umbali wa makumi ya kilomita. Huenda tulichipuka pembe nyingi za Afrika kwa pamoja, na huenda sivyo.

Leakey alishinda katika swali la mahali kwa sababu alikataa kuacha kuchimba Afrika. Alishindwa kila alipotangaza jibu kabla ya ushahidi kukamilika. Kariandusi na Hyrax Hill yamehifadhiwa na Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, na watafiti Wakenya ambao zamani walihesabiwa kuwa wasaidizi tu sasa huongoza misafara. Kwao, funzo la Kanam ndilo kanuni ya kwanza ya kazi: kabla ya mfupa kuokotwa, mahali ulipolala sharti pajulikane.